Mkono wa Bazilio Ulioota Nywele

Ndugu zangu mnaolima, mnaochunga na mnaorina asali, nawaomba masikio kwa jambo dogo. Kisu cha kukunja ni kitu kidogo. Hulala mfukoni pamoja na tumbaku, na mwenyewe hukikumbuka siku anapokihitaji tu. Hata hivyo, kisu cha namna hiyo kiliingiza hofu katika nyumba moja ya Heru Juu, kule Kasulu, na hofu hiyo haijatoka yote mpaka sasa.

Mwaka 1976, nyumba hiyo ilikuwa na utulivu. Asubuhi ukungu ukiwa bado umelala migombani, Esteri alikaa kwenye mivukuto akipuliza moto, na mumewe Bazilio alisimama kwenye fuawe akifua chuma. Walifanya kazi bila maneno mengi, kama watu waliozoeana tangu ujana. Jirani aliyepita kwenda shambani aliwasalimu "Mwakeye," wakaitikia, nyundo ikaendelea.

Bazilio alitengeneza visu vya kukunja vya bei ya mkulima. Ubapa wa kila kimoja ulitokana na springi kuukuu za malori, na mpini ulikuwa wa pembe ya ng'ombe. Kabla kisu hakijatoka kwake, alikichukua akakwangulia kipande cha mninga mkavu, mti mgumu, mara ishirini, polepole. Kisha, bila kukinoa tena, alikipitisha juu ya mkono wake wa kushoto. Kikinyoa nywele baada ya kazi hiyo, kiliuzwa. Kikikwaruza, kilirudi motoni. Kwa sababu hiyo mkono wa kushoto wa Bazilio ulikuwa mtupu kama kibuyu. Watani wake walisema ana upara mkononi, naye aliwajibu kuwa afadhali upara wa mkononi kuliko wa akilini. Kuanzia Kasulu mpaka Kibondo, mtu akitaka kukisifu kisu alisema kimepita mkono wa Bazilio.

Mwezi wa tano alikuja Gharibu, mfanyabiashara wa Kibondo aliyenunua visu vyake na kuviuza magulioni miaka mingi. Alisema watu wamehamia vijiji vipya, kila mtu anajenga, na msimu wa asali unakaribia. Akaomba visu sitini kabla ya mwezi kwisha. Kwa kawaida Bazilio alimaliza kumi na tano kwa mwezi, na springi za malori zilikuwa zimeadimika. Angeweza kusema hapana. Lakini macho yake yalikwenda kwenye nyumba ya jirani iliyoezekwa bati jipya, kisha yakarudi kwenye nyasi za paa lake zilizooza. Akakubali.

Msimwone mtu mbaya, ndugu zangu. Mimi mwenyewe nimemfikiria sana, na sidhani kama siku ile alikusudia kumdhuru mtu. Alitumia springi alizokuwa nazo mpaka zikaisha. Baada ya hapo alichukua vipande vya nondo vilivyobaki kwenye ujenzi wa ghala. Nondo ni chuma laini. Ukiichovya majini haishiki ugumu. Ukiinoa vizuri kwenye jiwe itang'aa na hata kunyoa nywele, lakini makali hayo hayadumu. Yakikutana na kitu kigumu, yanalala. Na ile springi ndogo ya mgongoni, inayokizuia kisu kisijifunge kikiwa kazini, akaifua kwa nondo hiyo hiyo. Bazilio aliyajua yote haya kuliko mtu yeyote. Ndiyo maana visu vile hakuvijaribu kwenye mninga. Hakutaka kuona.

Gharibu aliporudi, alivipanga visu juu ya mkeka, akafungua viwili vitatu, akauliza swali alilozoea kuuliza.

"Fundi, vyote vimepita mkononi?"

"Vimepita," Bazilio akasema.

Neno moja tu. Gharibu hakuwa na sababu ya kulitilia shaka.

Wiki mbili baadaye bati zilikuwa zimeegemezwa ukutani zikisubiri mbao. Siku hiyo Esteri alikuwa akimmiminia mumewe maji ya kunawa. Akasita, mtungi ukiwa bado umeinama.

"Baba Pelagia, mkono wako umeota nywele."

Bazilio alisema ni baridi ya mwaka huu. Esteri akamaliza kummiminia maji. Aliutazama ule mkono, akazitazama bati, kisha akaenda kuweka mtungi mahali pake. Tangu siku hiyo Bazilio alivaa shati la mikono mirefu hata mbele ya moto, na kila aliposikia hatua za mtu anayepanda mlima kwa haraka, nyundo yake ilisimama hewani.

Mtu huyo alikuja siku ya Alhamisi. Alikuwa Adija wa Titye, mama anayechuuza maharage baina ya Kasulu na Kibondo. Alifungua kitambaa, akatoa kisu chenye alama ya Bazilio. Ubapa ulikuwa umepinda kama jani la mgomba lililopigwa na jua, na makali yamejikunja. Alieleza kwa aibu kwamba alikuwa akimenya mihogo tu.

"Unisamehe, fundi. Nadhani nimekitumia vibaya," alisema. "Kisu cha kwako hakiwezi kuwa na ubaya."

Bazilio alikichukua, akakiweka kando. Akampa kingine, cha springi, alichokuwa amejiwekea. Adija alishukuru mno. Alipokuwa akiaga, akaongeza habari njema, kama alivyodhani. Reverien, mume wa Pelagia binti yake Bazilio, naye alinunua kisu kwa Gharibu. Anawaonesha watu wote kuwa ni kazi ya baba mkwe wake. Jumamosi ataingia nacho porini kurina.

Bazilio akaweka nyundo chini. Mwaka uliopita alitaka kumpa Reverien kisu, lakini kijana alikataa kwa heshima. Kwao waliamini kisu cha kupewa bure na mkwe hukata undugu, akasema atakinunua mwenyewe. Sasa amekinunua. Na mrina asali akiwa juu ya mti hana fundi wa kumkimbilia. Ana kamba na kisu tu.

"Nenda," Esteri akamwambia.

Ijumaa alfajiri Bazilio alipata nafasi juu ya lori la mahindi liendalo Kibondo, alikoolewa Pelagia. Mfukoni alikuwa na kisu chake cha siku zote, cha kwanza kukifua akiwa kijana. Lori liliharibika baada ya Makere, na dereva alilala chini ya gari nusu siku akigonga. Abiria wengine walipiga soga na kula mihogo. Bazilio alikaa ukingoni mwa barabara akitazama springi za lori lile. Alifikiri jinsi angezifua, akajichukia kwa kufikiri hivyo. Wakalala njiani. Jumamosi mchana, lori lilipomshusha, alitembea kuelekea kwa binti yake, na nusu ya njia akawa anakimbia.

Pelagia alikuwa akitwanga, mtoto mgongoni. Aliweka mchi chini, akapiga goti kumsalimu baba yake. Bazilio hakuipokea salamu. Aliuliza Reverien yuko wapi. Ameingia porini na rafiki yake Niyibizi tangu asubuhi, akajibu. Alipouona uso wa baba yake akafungua mbeleko. Alimkabidhi jirani mtoto, akatangulia njia.

Waliusikia moshi kwa pua kabla ya kuuona. Kisha wakasikia nyuki, sauti nzito iliyojaa pori, na ndani ya sauti hiyo mtu anayeita jina la Mungu.

Reverien alikuwa juu ya myombo mrefu. Alikuwa akiushusha mzinga kwa kamba aliyoizungusha mkononi. Mzinga uliojaa asali uliteleza, kamba ikamkaza kifundo cha mkono wa kushoto na kumvuta chini ya tawi. Sasa alining'inia, miguu imeukumbatia mti, mzinga ukiyumba chini yake, juu kuliko mtu wa chini angeweza kuufikia, na nyuki wakimfunika. Kwa mkono wa kulia alikuwa ametoa kisu, akakifungua kwa meno. Alikata mara ya kwanza, nyuzi chache zikaachia. Mara ya pili makali yakateleza. Ya tatu akakandamiza kwa nguvu zake zote, na springi ya mgongoni haikuzuia kitu. Kisu kikajifunga juu ya vidole vyake mwenyewe, kikabaki kimeng'ata.

Damu ilikuwa ikidondoka kwenye majani makavu. Niyibizi alikuwa chini, uso umevimba, hana hata panga; lilikuwa limebaki kambini. Bazilio alimnyooshea kisu chake. Niyibizi aliiona alama kwenye mpini, akarudisha mkono nyuma.

"Hiki nacho ni cha kwako?"

Katika maisha yake yote Bazilio hakuwahi kuulizwa swali kama hilo. Akaukunja mkono wa shati, nywele zikaonekana, akasema taratibu kama mtu anayeapa.

"Hiki kimepita. Vile sikuvijaribu. Hiki kimepita."

Niyibizi alimtazama mzee kidogo, akakitia kisu mdomoni, akapanda. Kila tawi alilolishika, Pelagia alikuwa akilihesabu kwa sauti ndogo bila kujijua. Bazilio aliomba nyuki wamjie yeye. Wachache wakamjia, na hakuwafukuza.

Kisu kile cha zamani kilikata kamba kwa mapigo mawili. Mzinga ulianguka ukapasuka, na nyuki wengi wakaufuata. Wakamshusha Reverien, hajiwezi, macho yamefungika kwa uvimbe. Pelagia akachukua kile kisu mkononi mwa Niyibizi, akapasua kanga yake, akafunga jeraha. Vidole viwili havikuweza kuokolewa. Mganga wa zahanati aliviondoa jioni ile ile.

Reverien alipoweza kuzungumza, kitandani, aligeuza uso kuelekea alikosikia pumzi ya mkwewe.

"Baba, nisamehe. Nimekiharibu kisu chako."

Hapo Bazilio alilia, mbele ya binti yake na mkwe wake, jambo ambalo kwetu mwanamume hujitahidi asilifanye. Akawaeleza yote: nondo, bati, lile neno moja. Reverien akaomba maji. Pelagia alikuwa bado amekishika kile kisu kizuri. Alikikunja, akakitia katika pindo la nguo yake. Baba hakukiomba, wala binti hakukirudisha.

Kesho yake Bazilio alikwenda dukani kwa Gharibu. Alitarajia matusi. Gharibu alisikiliza mpaka mwisho, akavua kofia yake.

"Mimi niliuza neno lako, fundi," alisema. "Vyuma vilifuata tu."

Kisha akafunga duka, na wawili hao wakazunguka gulio hadi gulio, wakitangaza kuwa visu vya mwezi ule virudishwe. Bati zikauzwa ili kila aliyerudisha apate haki yake. Wengine walimcheka Bazilio, wengine walimtukana. Mzee mmoja wa Kifura alimshika mkono tu akaondoka. Visu vikarudi karibu vyote. Vitatu havijapatikana.

Nyumba ile ingali ya nyasi. Mkono wa Bazilio ni mtupu tena, na Esteri huutazama kila anapommiminia maji. Lakini mtu akipanda mlima kwa haraka, nyundo bado husimama hewani, kwa sababu ya vile vitatu.

Funzo

Wewe unayenunua, usidanganywe na mng'ao, wala na kisu kinachonyoa nywele pale pale gulioni. Chuma laini nacho hunyoa kikitoka kwenye jiwe. Mwombe muuzaji kipande cha mti mkavu, ukikwangue mara nyingi, ndipo ujaribu makali. Kifungue, ukitikise; kama ubapa unacheza kwenye ribiti, kiache. Ukandamize mgongo wa ubapa kwa kiganja, vidole vikiwa mbali. Kikijifunga kwa urahisi, kitajifunga siku mbaya zaidi. Kisu cha bei nafuu si lazima kiwe kibovu. Tajiri akivunjikiwa hutoa kingine, lakini maskini ana hicho kimoja, na siku nyingine maisha yake yananing'inia hapo.

Nawe unayetengeneza au kuuza, kasoro unayoijua itaje kabla kisu hakijaingia mfukoni mwa mtu. Ukinyamaza, hutajua ni nani atakayekifungua, wala atakuwa juu ya mti gani. Na yule uliyemdhuru anaweza kukuomba radhi yeye. Hakuna adhabu nzito kuliko hiyo.