Namba ya Kompyuta ya Shule

Kila siku alipotoka shule, Kuluthumu alipitia kwanza ofisini kwa mama yake mdogo, Munira, pale Area D, ndipo arudi nyumbani Nkuhungu. Munira alikuwa na ofisi ndogo ya kuchapa barua na kutoa fotokopi. Kazi ya Kuluthumu ilikuwa kukunjua kitambaa cheupe cha kufuma kilichofunika kompyuta, kukikung'utia nje, kisha kufuta meza. Na vumbi la Dodoma mwezi wa nane, nani asiyelijua? Ukifuta saa tisa, saa kumi unaweza kuandika jina lako mezani kwa kidole.

Kuluthumu alikuwa darasa la sita, na alizipenda kompyuta kupita kiasi. Shuleni kwao ilikuwepo moja, zawadi ya wafadhili, na mwaka ule wa 2003 shule yenye kompyuta hata moja ilikuwa ya kujivunia. Mwalimu Anastazia, aliyeisimamia, alimkabidhi ufunguo wa chumba cha kompyuta hiyo ili awe anakifagia. Basi! Kuluthumu akauvaa ufunguo shingoni kwa uzi na kutembea kifua mbele. Hakuna swali la kompyuta aliloulizwa akakosa jibu. Lile asilolijua, alilitungia jibu.

Jumatatu moja kompyuta ya Munira iligoma kuwaka. Wakati huohuo Munira alitakiwa kwenda Kondoa kwenye arobaini ya babu yao.

"Fundi Optatus atakuja kesho," alimwambia Kuluthumu. "Mfungulie mlango, ukae naye mpaka amalize. Lolote usilolijua, niulize nikirudi Alhamisi."

"Usiwe na wasiwasi, mama mdogo. Kompyuta ninazijua mimi."

Munira alicheka, akapanda basi.

Kesho yake fundi alikuja na mkoba wake. "Shikamoo, fundi," alisalimia Kuluthumu.

"Marahaba. Wewe ndiye bosi leo?"

"Ndiye mimi."

Optatus alifungua mashine, akatoa ule ubao mkubwa wa ndani ambao mafundi huuita mazabodi. Ulikuwa umeungua. Aliweka mpya, kisha akaanza kuingiza upya programu endeshi, ile inayoiamsha kompyuta na kuiendesha. Katikati ya kazi alisimama.

"Inataka namba ya leseni. Herufi na tarakimu ishirini na tano. Kwenye kasha la mashine hii sioni stika. Namba iko wapi?"

Kuluthumu hakujua. Hakuwahi hata kusikia kwamba programu ina leseni. Lakini bosi atasemaje "sijui"? Ulimi ukamtangulia.

"Nimeiandika kwenye daftari nyumbani. Nitakuletea kesho."

Usiku hakulala vizuri. Asubuhi, akifagia chumba cha kompyuta shuleni, macho yake yalitua kwenye stika iliyobandikwa ubavuni mwa kasha. Namba! Ishirini na tano kamili! Aliinakili upesi, akaipeleka kwa fundi. Optatus akaiingiza, na mashine ikaikubali.

"Hongera, bosi," alisema fundi.

Munira aliporudi na kukuta kompyuta inafanya kazi, alimsifu mpaka majirani wakasikia. Kuluthumu alitabasamu, lakini sifa zile hazikumshuka vizuri.

Wiki mbili baadaye ikawa zamu ya kompyuta ya shule kufa. Mahafali ya darasa la saba yalikuwa Ijumaa, na vyeti vyote vilikuwa havijachapwa. Jumatano akaitwa fundi yuleyule. Alibadilisha diski iliyoharibika, akaingiza programu endeshi, akasoma namba kwenye stika. Mashine ikaikataa. Alijaribu tena, ikaikataa. Ndipo alipokwenda kupiga simu kwa kampuni yenye programu, akitumia simu ya ofisi ya mwalimu mkuu. Alirudi akikuna kichwa.

"Wanasema namba hii inatumika kwenye mashine nyingine tangu majuma mawili yaliyopita."

Mwalimu Mkuu Bartolomayo alimgeukia Mwalimu Anastazia. "Chumba hiki ni dhamana yako, Mwalimu. Namba ya shule umempa nani?"

"Sijampa mtu yeyote, Mwalimu Mkuu."

"Basi imetoka na miguu yake? Kama sijapata jibu leo, kesho naandika barua kwa ofisa elimu. Kompyuta hii uiache, na shule yangu pengine uiache vilevile."

Kuluthumu alikuwa amesimama mlangoni, ufunguo shingoni. Alimwona Mwalimu Anastazia, yule mama mpole aliyemfundisha kushika kipanya, akiinamisha kichwa kama mtoto aliyekosa. Aliona aibu mpaka masikio yakamchoma. Angeweza kunyamaza. Nani angejua? Lakini miguu ilikwisha kwenda mbele.

"Si Mwalimu," alisema, na machozi yakamtoka. "Ni mimi. Niliinakili nikampa fundi, akaiweka kwenye kompyuta ya mama mdogo. Niliona haya kusema sijui."

Kisha Kuluthumu alivua ufunguo na kumkabidhi Mwalimu Anastazia kwa mikono miwili.

Jioni ile, ofisini kwake, Munira alisikia habari yote kutoka kwa Kuluthumu na fundi. Hakupiga kelele. Alikwenda nyumbani, akafungua sanduku la bati anamoweka vyeti vya kuzaliwa na khanga zake za harusi, akarudi na boksi dogo. Ndani mlikuwa na hati ya leseni.

"Loo! Kumbe unayo!" alisema Kuluthumu.

"Ninayo tangu niliponunua programu. Ungeniuliza Alhamisi ile, ningekupa."

Optatus aliisoma hati. "Na mimi nimekosa. Nilipaswa kudai karatasi hii kwa mwenyewe, si kupokea namba ya kwenye daftari." Akamwelekea Kuluthumu. "Leseni hii mama yako mdogo aliinunua kando na mashine, ndani ya boksi. Akibadilisha mashine anahama nayo, mradi iwe kwenye mashine moja tu. Ile ya stika ilikuja na kompyuta ya shule, na haihami. Ni kama chapa ya ng'ombe. Ukikutwa na ng'ombe mwenye chapa ya jirani, huulizwi amenona kiasi gani. Unaulizwa umempata wapi."

Alifuta namba ya shule, akaingiza ya Munira. Mashine ilitaka simu ipigwe kwa kampuni, kwa kuwa mazabodi ilikuwa mpya. Munira alipiga, akaeleza bila kuficha: ubao uliungua, mashine ni moja, hati iko mkononi. Dakika chache tu, wakakubali.

Alhamisi asubuhi Munira mwenyewe alikwenda shuleni. Aliomba radhi, kisha akaipigia simu kampuni mbele ya mwalimu mkuu, akasema namba ya shule ilitumiwa kwake kimakosa na sasa imeondolewa. Kufika saa sita, kompyuta ya shule ilikuwa inachapa vyeti. Mwalimu Mkuu Bartolomayo alimwomba radhi Mwalimu Anastazia mbele ya walimu wote.

Ijumaa, wageni wakisubiri mahafali yaanze, Anthony wa darasa la tatu alimvuta Kuluthumu mkono.

"Dada, hivi kompyuta inakumbukaje maandishi ikizimwa?"

Jibu la kutunga lilikuwa tayari ulimini, lakini Kuluthumu akaliacha.

"Sijui," alisema. "Twende tukamwulize Mwalimu."

Mwalimu Anastazia alikuwa nyuma yao, amesikia. Alimshika Kuluthumu bega.

"Neno hilo moja ungelisema siku ile, lingetuokoa sote. Kuuliza si ujinga, mwanangu. Ujinga ni kuchukua cha mwenzako ili uonekane unajua, na wewe chako kimekaa sandukuni." Akatoa ufunguo mfukoni, ule wenye uzi. "Muhula ujao uje kuuomba. Nitakupa. Mtu anayeweza kusema 'ni mimi' mbele ya mwalimu mkuu, chumba changu kiko salama mikononi mwake."