Dakika Saba za Somo la Mikono

Kila siku saa tisa na nusu mchana binti yangu hutoka shuleni na kuja moja kwa moja hadi chuo cha jamii ninakofagia. Huvua viatu mlangoni pa chumba cha vifaa vya kujifunzia, akaingia kimya kama anayeingia mahali alipolala mtu. Na kweli chumba kile husinzia. Mapazia ni mazito kwa ajili ya projekta, mwanga hupenya kwenye ufa mmoja tu, na vumbi huelea humo polepole, wala halijali kama nafagia au sifagii. Rafuni kuna kaseti mia mbili na ushee za masomo ya ufundi: useremala, umeme wa nyumba, ushonaji. Mwanafunzi aliyekosa kipindi huvaa visikilizio kichwani, akasikia somo zima kana kwamba mwalimu amesimama mbele yake.

Sauti iliyo katika kaseti za ushonaji ni ya mke wangu. Alifundisha pale miaka tisa. Alifariki mwaka juzi akingoja saini ya mkubwa mmoja ili apelekwe hospitali kubwa. Saini ilifika siku mbili baada ya mazishi. Tangu hapo, mtu yeyote mwenye meza na kiti cha kuzunguka simwamini, wala sifichi.

Binti yangu ana miaka kumi na miwili. Akimaliza kazi za shule huvaa visikilizio, akafumba macho, akasikiliza somo la kupachika mikono ya shati. Humo cherehani hunguruma kama mvua ya mbali, na mama yake hukohoa, hucheka, husema, "Haya, sasa." Midomo ya mtoto hufuatisha neno kwa neno, mpaka wanafunzi wa ushonaji wakambandika jina la Kasuku. Wakimkuta mlangoni humtania, "Kasuku, leo umekula somo gani?" Naye huwajibu kwa lafudhi ya mama yake kabisa, "Kwanza nyoosha mgongo, ndipo ushike mkasi." Wao hucheka, lakini migongo huinyoosha.

Mwaka huu chuo kilipata kompyuta mpya. Fundi wa vifaa, mama mmoja ambaye nyaya humning'inia shingoni hata wakati wa chakula, akaanza kuhamishia masomo ya kaseti kwenye kompyuta, moja baada ya jingine. Siku moja mkuu wa chuo alipita, akaitazama rafu, akasema kazi ikiisha kaseti zitaondolewa, zinajaza nafasi. Maneno hayo niliyabeba hadi nyumbani, nikayacheua siku tatu. Nilimwambia mtoto kwamba watu hawa watamtupa mama yake jalalani. Sikufikiri neno kama hilo linavyozama katika sikio la mtoto.

Yaliyofuata niliyajua baadaye, lakini nayasimulia mahali pake. Ijumaa ile nilitoka kwenda kumwaga maji ya kudekia. Kasuku akabaki peke yake. Alichukua kaseti tupu kwenye droo, akaenda kwenye redio kubwa yenye midomo miwili: mdomo wa kushoto husoma kaseti, wa kulia hurekodi. Alitaka kunakili sauti ya mama yake aifiche chini ya mto wake. Aliharakisha, akaweka kaseti tupu kushoto na ya mama kulia. Kaseti nyingine zote rafuni zilikuwa zimevunjwa kijino cha nyuma ili zisirekodiwe tena. Hii ya mikono haikuvunjwa, kwa kuwa mke wangu alikuwa na nia ya kuiongezea somo siku moja. Siku hiyo haikufika.

Redio ikazunguka. Mtoto alikaa anatazama magurudumu madogo yakienda sambamba, akiona jinsi atakavyolala usiku na cherehani ya mama ikinguruma sikioni. Aliposikia ndoo yangu ukumbini akazima. Akarudisha mkanda nyuma, asikilize kidogo. Palikuwa kimya. Ule mwanzo ulikuwepo, kwa sababu hakuanzia mwanzoni, kisha kimya cha dakika saba, kisha mama yake tena, anaendelea kama hakuna kilichotokea. Akairudisha kaseti rafuni, akavaa viatu. Nilipoingia alisema kichwa kinamuuma.

Wikiendi nzima hakula vizuri. Nilidhani ni homa. Jumatatu alikuja chuoni, akafanya hesabu zake, wala visikilizio hakuvigusa. Wanafunzi walimuuliza kama Kasuku amenyonyoka manyoya, naye akainamia daftari lake.

Jumatano ikafika zamu ya kaseti ya mikono, na fundi akakutana na kile kimya. Aliirudia mara tatu. Mtihani wa ushonaji ulikuwa Jumatatu inayofuata, na kila mwaka wanaoanguka huangushwa na mikono. Zile dakika saba ndizo zilizokuwa moyo wa somo. Fundi aliponieleza, niliweka fagio chini. Sikuhitaji kufikiri. Nilikuwa na wa kumlaumu tayari.

Niliingia ofisini kwa mkuu bila kubisha hodi. Sitayaandika yote niliyosema, maana watoto wanasoma. Nilisema wakubwa walimuua mke wangu kwa karatasi, na sasa wamemfuta hata sauti. Wanafunzi walijazana dirishani. Binti yangu alikuwa amenifuata, amesimama nyuma yangu na mkoba mgongoni.

Mkuu aliniacha nimalize. Kisha akasema, "Mzee, chumba kile mimi sina hata ufunguo wake. Fundi anao mmoja. Wa pili uko mfukoni mwako."

Akanyoosha kiganja juu ya meza, akasema niuweke pale hadi ijulikane nani aliingia. Mfagizi asiye na ufunguo ni mtu asiye na kazi, hilo halihitaji kusoma sana kulielewa. Nikatia mkono mfukoni.

"Usitoe, baba," binti yangu akasema. "Ni mimi."

Alisogea mbele, akamwamkia mkuu kwanza. "Baba hajui chochote. Nilitaka kunakili kabla hamjamtupa mama. Nikachanganya kushoto na kulia. Halafu nikanyamaza."

Mkuu alirudisha kiganja chake. Akamuuliza nani aliyemwambia watatupa. Mtoto akatazama sakafu. Hakunitazama mimi, na hapo ndipo niliposhindwa kabisa. Nikajibu mwenyewe kwamba ni mimi. Mkuu akasema kaseti zitapangwa kwenye masanduku maktabani, na za ushonaji alikusudia kutukabidhi sisi, familia.

"Ungesema," nikamwambia.

"Ungeuliza," akanijibu.

Nikautoa mkono mfukoni, mtupu.

Fundi alikuwa amefika mlangoni, nyaya shingoni. Alimshika binti yangu bega, akamwambia maneno ambayo sisi wawili tuliyahitaji. "Mwanangu, mama yako alifundisha kupiga bandi kabla ya cherehani, ile mishono mirefu ya kushikiza tu. Unajua kwa nini?"

"Ukikosea, unafumua kwa kidole."

"Basi na kosa ni hivyo hivyo. Ungeniambia Ijumaa, ilikuwa bandi. Umeliacha siku tano, likapigwa cherehani, na lilikuwa linamrarua baba yako. Hata hivyo umelifumua wewe mwenyewe, mbele ya watu wote hawa. Si wengi wanaoweza." Kisha akanigeukia. "Na wewe, mzee, ulimshona mkuu bila hata kumpima."

Adhabu ilikuwa kupangusa kaseti zote mia mbili na ushee kwa kitambaa kikavu, na Kasuku alizipangusa moja moja bila kununa. Alipomaliza, fundi alimuuliza kama anayakumbuka yaliyofutika. Akasema yote. Wakafunga mlango na mapazia. Nikakatazwa hata kufagia ukumbini, kwa sababu kinasa sauti husikia kila kitu.

Jumapili jioni, siku moja kabla ya mtihani, wanafunzi walikaa kwenye mwanga hafifu wa chumba kile, nami nikasimama mlangoni na fagio langu. Somo likaanza. Mke wangu akasema shikeni chaki. Cherehani ikanguruma mbali. Halafu, katikati ya sentensi, sauti ikawa ndogo, ya mtoto, inasema polepole: "Kabla ya kushona, uliza: huu ni mkono wa kushoto au wa kulia? Mikono yote hufanana mpaka uivae." Dakika saba hakuna aliyekohoa. Wakubwa wote sijawasamehe, ila pale mlangoni nilimwahidi binti yangu kimoyomoyo kwamba nitauliza kwanza. Sauti ndogo ikafika mwisho wa sehemu yake, ikanyamaza, na mama yake akaitikia, kama aliyekuwa amekaa pembeni akingoja:

"Haya, sasa geuza tuone. Umeona? Haikuwa ngumu."