Kilichokuwa Mfukoni mwa Gauni

Mimi ni mtu wa inchi. Ukinisimulia kwamba umekutana na jini, swali langu la kwanza ni kiuno chake kilikuwa cha ngapi. Miaka ishirini na mbili nimekaa nyuma ya cherehani na sikuwahi kuona kitu kisichopimika, mpaka yalipompata mdogo wangu wa tumbo moja, kitinda mimba wa mama yetu. Nyumbani tunamwita Chiriku, kwa sababu ya mdomo. Yule akianza kuongea, unazima redio mwenyewe bila kuambiwa.

Siku yenyewe haikuwa na neno. Jumanne asubuhi, jua la kawaida, nami napinda suruali za sare za shule. Akaingia mteja mmoja mrefu, mwembamba, mkimya, ana gauni la kijivu mkononi. Akataka nikate inchi nne chini, kisha niongeze kiuno inchi nne. Nikamtazama juu mpaka chini. Gauni lile lilikuwa saizi yake kabisa.

"Dada, hili atavaa nani?"

"Mimi."

"Nikikata litakuwa fupi. Na kiunoni litakupwaya kama gunia."

"Wewe kata tu," akasema taratibu. "Likiwa tayari litanitosha."

Haya, mteja ni mfalme hata akikosa akili. Nikaandika kwenye kitabu: urefu hamsini, kiuno thelathini na sita. Akatoka bila kuacha jina wala namba ya simu.

Sasa, fundi yeyote atakwambia: kabla ya mkasi, mkono mfukoni. Nimekuta funguo, nimekuta barua za mapenzi, siku moja nimekuta meno ya bandia. Vyote huingia kwenye kopo, vinamngoja mwenyewe. Mfukoni mwa gauni lile nikakuta chupa ya mafuta ya manukato, ndogo kama kidole gumba. Ilikuwa na karatasi iliyoandikwa kwa mkono neno moja: vetiva. Muuza manukato wa mtaa wa nyuma alikuja kunieleza baadaye kwamba hayo hutolewa kwenye mizizi ya nyasi fulani ndefu.

Chiriku alipita mchana kula, kama kawaida yake. Anauza duka la dawa, mitaa miwili kutoka kwangu. Kabla hajakaa ameshaiona chupa, ameshaifungua, ameshajipaka shingoni na kwenye viwiko.

"Mh! Dada, nusa!"

Nikanusa. Haikuwa na utamu hata chembe. Ilikuwa harufu kavu, ya nyasi zilizoanikwa na majani ya dawa, na chini yake kitu kama ubao mkavu. Ukiivuta sana, koo linakauka.

"Hii ya kiume," nikamwambia.

"Ya kiume kitu gani! Naichukua."

Hapo ndipo nilipokosea, na sina wa kumlaumu. Ningemnyang'anya. Lakini yule ni mtoto niliyembeba mgongoni, sijui kumnyima. Nikasema chukua, ila usimwambie mtu kwamba nimekupa mimi, hata mumeo. Ikijulikana kwamba natoa vitu vya wateja, kazi yangu imekwisha.

"Mdomo wangu kaburi," akasema. Tulicheka mpaka machozi yakatutoka.

Wiki tatu baadaye, Chiriku hajapita tena kula kwangu, shemeji akanijia dukani. Huyu ni fundi umeme, mtu wa watu, si mwenye maneno. Alikaa kwenye benchi la wateja, akazungusha kofia yake, akakohoa.

"Shemeji, mke wangu ananukia mwanaume."

"Toba! Maneno gani hayo?"

"Manukato ya kiume. Kila siku. Namuuliza nani kakupa, ananyamaza. Chiriku ananyamaza, shemeji! Na akishaoga, harufu ndiyo inazidi." Akanyanyuka. "Nampa mpaka Ijumaa. Asiponiambia, arudi kwenu."

Kauli yangu moja tu ingemaliza kesi. Ni mimi niliyempa. Maneno matatu, sikuyasema. Nilijiambia kwamba chupa ile ilikuwa ndogo, haiwezi kufika wiki tatu, kwa hiyo huenda kuna nyingine, na huenda kweli yupo anayemletea. Nikamshuku mdogo wangu ili nisijishuku mwenyewe.

Nikaenda duka la dawa saa tisa mchana, saa ambayo manukato yoyote ya asubuhi yameshakwisha. Harufu ilinipokea mlangoni. Chiriku alikuwa amesimama nyuma ya kaunta, anamhudumia mzee mmoja kwa kuonyesha vidole: vidonge viwili, mara tatu. Hakusema hata pole.

"Mdogo wangu, chupa iko wapi?"

Akanong'ona. "Iliisha siku ya nne."

"Sasa hiki ninachonusa ni nini?"

Akatikisa kichwa tu. Nikamwambia aje kwangu kesho, Alhamisi, nimshonee nguo nzuri ya kumtuliza mumewe. Kwa kweli nilitaka nimkague. Nilitaka kuona kama ana alama ya mtu shingoni.

Alikuja. Nikamsimamisha mbele ya kioo. Vipimo vya Chiriku sihitaji kitabu, ninavyo kichwani tangu msichana: mfupi, mnene kidogo, urefu hamsini, kiuno thelathini na sita. Nikavuta futi yangu ya kupimia kutoka begani.

Hamsini na nne.

"Visigino chini."

"Viko chini, dada."

Nikapima tena. Hamsini na nne. Nikailaumu futi, nikachukua nyingine. Hamsini na nne. Nikazungusha kiunoni. Thelathini na mbili.

Nikageuka taratibu kutazama gauni la kijivu. Lilikuwa linaning'inia kwenye hanga lake, limeshamalizika. Hamsini. Thelathini na sita. Nililishona kwa mikono yangu mwenyewe.

Nikakaa chini, juu ya vipande vya vitambaa.

"Dada," akanong'ona Chiriku, "nikiongea, naona maneno yanamwendea mtu mwingine."

"Nyamaza."

"Nikibadilika sana, utanijua?"

"Nisikujue vipi? Wewe si wangu?" nikasema kwa ukali, kwa sababu nilikuwa naogopa. "Nenda nyumbani. Kesho asubuhi naja kumwambia mumeo kila kitu."

Akatoka. Mlangoni aliinamisha kichwa kidogo, kama wafanyavyo watu warefu.

Ijumaa nilifungua mapema, nipange maneno kabla ya kwenda. Saa mbili haijafika nikasikia kicheko nje. Kile kicheko! Mlango ukasukumwa, akaingia Chiriku, mfupi, mnene wake ule ule, mdomo umetangulia. Ananisimulia habari za jirani, bei ya nyanya, mume wake alivyomwomba radhi asubuhi hiyo. Nikamkumbatia. Nikanusa shingo yake. Sabuni, basi.

"Nimepona, dada! Yameisha! Sasa nipe gauni langu niende."

Nikasimama. "Gauni gani?"

"Si hilo la kijivu?"

Akalitoa kwenye hanga mwenyewe, akalivaa pale pale. Lilimkaa kama limemwagwa juu yake. Nami nikanyamaza. Nikanyamaza kwa sababu kicheko kilikuwa cha mdogo wangu, na kwa sababu sasa hapakuwa na la kumwambia shemeji. Aibu yangu ilikuwa imefichika. Nilifurahi, Mungu anisamehe, nilifurahi kweli.

Siku ya tatu, baada ya chakula cha mchana, mtaa umetulia. Nikasikia harufu kabla sijainua macho. Kavu. Nyasi na majani ya dawa.

Nje ya mlango wangu wa kioo alisimama yule mwanamke mrefu.

Alikuwa amevaa koti jeupe la duka la dawa. Mikono ya koti ilikuwa imemfikia nusu. Alikuwa ananitazama. Midomo inacheza, sauti haitoki. Machozi yanamchuruzika. Akaweka kiganja kwenye kioo, akaacha hapo.

Nikaruka. Nikatia komeo. "Toka!" nikapiga kelele. "Gauni lako limeshachukuliwa, tuachie mtoto wetu! Toka!"

Alisimama kidogo. Kisha akaondoka, bila haraka. Nilichungulia mtaani baada ya muda na sikuona mtu.

Nikachukua kitambaa nifute kioo. Alama ya kiganja ilikuwa imebaki, yenye mafuta, inanukia. Kiganja kirefu cha mkono wa kushoto. Kwenye ncha ya kidole cha shahada palikuwa na kishimo cha mviringo, mahali ambapo ngozi haikugusa kioo.

Chiriku alipokuwa na miaka sita aliingiza kidole chini ya sindano ya cherehani ya mama. Sindano ilipita mpaka kwenye mfupa. Aliyekuwa anakanyaga pedali ni mimi. Kovu lile halikuwahi kujaa.

Jioni ile ile nilikwenda kwao. Walikuwa wanacheka, yeye na shemeji, nyumba imechangamka. Nikamwambia nipe mkono wako wa kushoto. Akanipa, huku anaendelea kuongea.

Kidole kilikuwa laini, kizima.

Nikakishika muda mrefu. Akaacha kuongea, akanitazama. "Vipi, dada?" akaniuliza kwa sauti ya chini. "Unataka kusema kitu?"

Shemeji naye akageuka kunisikiliza.

"Hapana," nikasema.