Sumu ya Mtani

Kofia ilipotua juu ya kichwa cha Mzee Kapaya Mhoja, ukuta mzima wa chumba cha hospitali uliwaka nyuzi za rangi. Kila uzi ulikuwa wazo lililokuwa likipita akilini mwake, na rangi yake ilionyesha wazo hilo limetoka wapi: kijani kwa ndugu, manjano kwa majirani, buluu kwa miwani ya habari ambayo siku hizo kila mkazi wa Tabora aliivaa tangu anapoamka. Chombo hicho kiliitwa kichimbuzi. Aliyekibuni, Daktari Nakundwa Mbwambo, alisimama kando yake akinywa chai kana kwamba hajafanya la maana.

Mwanamke huyu apewe haki yake. Madaktari wenzake wa akili walipokuwa bado wanagawa vidonge kama njugu, yeye alishikilia jambo moja tu, kwamba akili si chumba cha mtu mmoja. Wanaingia wazazi, wanaingia majirani, wanaingia watangazaji, kila mmoja anaacha maneno yake humo, hadi mwenye nyumba hajui tena lipi ni lake. Walimcheka. Akaenda akatengeneza chombo cha kuwaonyesha, na kicheko kikaisha.

"Tazama huu," alimwambia Nyamizi, binti wa mzee, akiugusa uzi mnene wa buluu.

Sauti ikasikika chumbani: *Mimi ni mzigo kwa wanangu.*

Nyamizi alishika mdomo. "Lakini Daktari, sisi hatujawahi kumwambia hivyo!"

"Najua. Maneno haya yametoka kwenye tangazo la roboti wa kulea wazee. Tangu mama yenu afariki, amejifungia ndani na miwani usoni. Tangazo limemwimbia hadi anadhani ni yeye anayesema."

Akazungusha kitufe. Kichimbuzi hakikuwa na uwezo wa kung'oa wazo, kiliweza tu kulipunguza sauti, na ule uzi wa buluu ukafifia taratibu. Mzee akashusha pumzi ndefu. Nyamizi alitoka mbio kuwapigia simu ndugu zake, machozi ya furaha yakimtoka.

Hapo ndipo chombo chenyewe kilipopiga king'ora. Katikati ya nyuzi za manjano palikuwa na fundo jekundu, rangi ya sumu. Lilikuwa rundo la matusi ya miaka mingi, yote kwa sauti moja. *Mpagazi wewe! Kichwa kimekuwa bapa kwa kubeba mizigo! Ukifa nitakupigia ngoma, machozi sina!* Mwenye sauti alikuwa jirani yake, Mwinyimvua Pazi.

"Nizime sauti ya fundo lote?" kichimbuzi kiliuliza.

Wagonjwa walikuwa wamejaa nje, na matusi yale yalimchefua Daktari. "Zima," alijibu. Kisha akawaagiza roboti wa getini wasimruhusu mtu huyo kuingia.

Mzee Kapaya hakusema tena kwamba yeye ni mzigo. Hakusema kitu. Uji uliletwa asubuhi ukapoa, ukaletwa jioni ukapoa vilevile, na mashavu yake yakazidi kubonyea. Daktari alipima akili yake akaikuta safi kama sahani iliyooshwa, akachanganyikiwa.

"Daktari, baba anakufa," Nyamizi alimwambia hatimaye. "Na Mzee Mwinyimvua mnamzuia getini kwa nini? Kila siku anakuja, anarudishwa."

"Yule anayemtukana?"

"Jamani, Daktari! Yule ni Mzaramo, sisi Wanyamwezi. Ni mtani wake!"

Daktari alikaa chini. Yeye mwenyewe ni Mpare, amekua akimsikia Mchaga wa jirani akimwita baba yake bahili, na baba akicheka hadi anakohoa. Alikifundisha kichimbuzi kila tusi la Kiswahili. Hakukumbuka kukifundisha ni nani mwenye ruhusa ya kutukana. Aliona aibu, akainuka kwenda getini yeye mwenyewe.

"Shikamoo, mzee. Nisamehe."

"Marahaba. Yuko wapi huyo mpagazi?"

Wakamkuta Kapaya kitandani, kofia kichwani, ukuta umepauka. Mwinyimvua akajiketisha bila kukaribishwa.

"Kapaya, siku ya kumzika mkeo nililala mbele ya jeneza, nikagoma kuinuka mpaka nikapewa kuku. Ukacheka mbele ya msiba mzima. Si unakumbuka?"

"Kuku gani?" aliuliza Kapaya kwa sauti hafifu.

Mwinyimvua alimtazama Daktari, naye Daktari akainamisha uso. Kicheko kile ndicho kilichomvusha mzee siku ya mazishi, na yeye alikuwa amekizima pamoja na matusi yaliyokileta. Hakujua ni kiasi gani kingerudi.

Mwinyimvua akakohoa kidogo, akanyoosha mkono.

"Kama hukumbuki, basi kuku bado sijala. Nitaanza na uji huu." Akachukua kikombe cha mgonjwa, akapiga funda kwa kelele. "Mtamu! Wanyamwezi wasuse tu, sisi tunanenepa."

Kapaya alimtazama. Midomo ikacheza.

"Rudisha uji wangu," alisema. "Mzaramo mlafi wewe."

Akampokonya kikombe, akanywa mpaka kikabaki kitupu. Ukutani fundo jekundu likawaka, likatanda.

"Sumu imerudi," kilisema kichimbuzi. "Nizime?"

"Usiguse," alijibu Daktari, akilia waziwazi. "Waambie jikoni walete kikombe kingine."

"Viwili," alidakia Mwinyimvua. "Na kuku wangu."

"Kuku gani?" aliuliza Kapaya, na safari hii alikuwa anacheka.