Mawe Chini ya Gurudumu

Enyi mlioketi hapa, nipeni masikio yenu. Rafiki yangu Lokiru, dereva, alikuwa akiwapeleka watalii kupiga kambi Kakuma, na tajiri wake alishaapa kumfuta kazi akichelewa tena. Katika mchanga wa laga, ule mto mkavu, gari likakwama mara ya tatu. Kwa ghadhabu akang'oa mawe ya kaburi la kando ya njia, akayatia chini ya magurudumu.

“Hapo tunaachaga tumbaku, Lokiru. Hatuchukuangi kitu,” mpishi Akeno alimwonya.

“Basi mwenye kaburi aje asukume.”

Gari likachomoka, mawe wakayaacha. Vumbi likatanda giza, na nyuma ya gari jiwe likawa linagonga jiwe hadi Kakuma. Lokiru alipofungua mfuko wa hema lake, mlikuwa na mawe yale, yenye alama za tairi.

Aliyenisimulia kwanza ni Akeno, ambaye asubuhi, walipoondoka Lodwar, aliufunga mfuko ule kwa fundo lake mwenyewe, na jioni, kabla Lokiru hajaufungua, akalikuta halijaguswa.