Namba Nne Mlangoni Petu

Kila asubuhi kabla ya shule kazi yangu ilikuwa kufagia mlangoni na kuokota pini. Mama ni fundi cherehani, na pini zake zina miguu. Ukizembea, moja utaikuta kisiginoni. Chumba chetu kilikuwa cha nne kati ya vyumba vinane vya nyumba ya kupanga. Cherehani ilikaa mlangoni penye mwanga, kitanda nyuma ya pazia, na mimi nilisomea katikati. Wateja waliniita Pilipili. Hasira zangu zilikuwa karibu, sikatai.

Asubuhi moja nilikuta rangi nyeupe mbichi imepakwa pale pale ninapofagia. Ilikuwa mistari miwili mirefu, na katikati yake namba 4, kubwa kuliko mimi. Kwa jirani yetu kinyozi palikuwa na namba 3. Fundi rangi alikuwa akimalizia, huku anapiga mluzi.

"Hii ni nini?" nikamwuliza.

"Maegesho. Magari yatalala hapa," akasema bila kuinua kichwa. "Angalia usikanyage, haijakauka."

Mlango ni wangu, na mimi ndiye ninayeambiwa nisikanyage.

Mwenye nyumba alikuja jioni na barua ya jiji mkononi, na notisi ya mwezi mmoja ya kuhama. Alitaka kujenga ghorofa juu yetu, vyumba vinane vipya, na hilo halikuwa baya, maana watu wanaohangaika kutafuta chumba ni wengi. Lakini kanuni za jiji zilisema kila chumba kipya cha kupanga kiwe na nafasi ya kuegesha gari moja. Uani zilienea nafasi nne tu. Nne zilizobaki zingetoka kwenye vyumba vinne vya mbele, chetu kikiwemo: kuta zivunjwe, zibaki nguzo, magari yaingie.

"Na sisi tuende wapi?" mama akauliza.

"Mtapanda juu ujenzi ukiisha. Kodi itakuwa mara mbili."

"Mara mbili, kwa chumba kile kile?"

"Mama, maegesho hayajengwi kwa mate. Gharama yake inamwangukia mpangaji."

"Mimi sina gari."

"Kanuni haiulizi kama unalo," akasema, na sura yake haikuonyesha kwamba anaifurahia.

Hakuna mpangaji hata mmoja aliyekuwa na gari. Chombo pekee chenye magurudumu nyumba nzima kilikuwa toroli la kubebea maji, na gurudumu lenyewe limepinda. Nilikasirika mpaka masikio yakapata moto. Chumba tulichokuwa tunalala kilichukuliwa kwa ajili ya gari ambalo halipo. Kodi ya juu mama asingeiweza, na kuhamia nje ya mji kulikuwa sawa na kufunga kazi. Nani atapanda basi kwenda kupunguza suruali?

Barua ilisema mapingamizi yatasikilizwa baada ya siku kumi, na kila pingamizi liwe na ushahidi. Kinyozi, baba yake rafiki yangu Njiti, ndiye aliyepata wazo. Jengo la jirani lilijengwa kwa kanuni hiyo hiyo: nyumba ishirini juu, nafasi ishirini za magari chini.

"Tuhesabu magari yanayolala pale," akasema. "Kama wao wenye kulipa kodi kubwa hawazijazi, sisi tunavunjiwa vyumba kwa nini?"

"Nitahesabu mimi," nikasema. Watu wazima wakatazamana, kisha kinyozi akanipa daftari jipya.

Siku tatu za kwanza nilihesabu vizuri. Saa moja jioni mimi na Njiti tulifika getini, tukamwamkia mlinzi, tukahesabu. Sita. Saba. Sita. Nafasi nyingine zilikuwa na magodoro mabovu, kamba za kuanikia nguo na njiwa wanaojiona wenye mji. Niliandika kwa penseli, kwa mwandiko wangu wa mtihani.

Siku ya nne fundi wa mwenye nyumba alikuja kupima ukuta wetu, wakati mama anampima mteja. Akamwambia mama asogeze kitanda. Kitanda chetu, mbele ya mteja. Mama akasogeza. Mimi nikatoka mbio hadi getini, nikaona magari saba, nikaandika moja.

"Pilipili, ni saba," Njiti akasema.

"Kwani wewe unataka kuhama?"

Nikarudi mistari ya juu. Saba ni rahisi kuigeuza moja, ila sita nilizisugua kwa kifutio mpaka karatasi ikakaribia kutoboka. Siku zilizofuata sikwenda getini kabisa. Niliketi kitandani nikaandika moja, moja, moja, huku nikijiambia kwamba anayevunja nyumba ya watu hastahili kuambiwa ukweli.

Siku ya kikao tulikaa uani kwenye viti vya kila aina na ndoo zilizopinduliwa. Afisa mipango wa jiji, mama mwenye miwani na viatu vyenye vumbi, alifungua daftari langu.

"Gari moja kila siku, siku zote kumi?" akaniuliza.

"Ndiyo, shikamoo," nikasema, na adabu ikanitoka kinyumenyume.

Akaagiza mlinzi wa jirani aitwe. Mzee akaja na daftari la geti, ambamo huandika kila gari linaloingia na kutoka. Jioni zile tatu nilimwamkia akiwa nalo mapajani, wala sikulifikiria. Afisa akayaweka madaftari mawili pamoja.

"Hapa kuna sita, hapa saba," akasema. "Wewe una moja."

Mwenye nyumba akacheka. "Ndio ushahidi wao huo. Wote waongo, na uongo wenyewe wamemtuma mtoto."

Kinyozi aliinamisha kichwa. Mama hakunitazama, alikuwa anazungusha utepe wake wa kupimia kidoleni. Afisa akaanza kufunga faili. Niliona aibu, na bado nilikuwa na hasira, na nilijua nikikaa kimya wapangaji wote watabaki waongo na vyumba vimekwenda. Nikasimama.

"Hakuna aliyenituma. Nilihesabu siku nne tu, na zote nimezigeuza. Nyingine nimezitunga. Lakini daftari la mzee ni la kweli. Naomba msome hilo."

Afisa alinitazama kwanza, kisha akalipekua daftari la mlinzi kurasa nyingi. Lilikuwa la mwaka mzima.

"Hayajawahi kuzidi manane," akasema. "Manane, kwenye nafasi ishirini. Sasa uongo ulikuwa wa nini, binti? Saba yalikuwa yanatosha."

Yalikuwa yanatosha. Afadhali angenichapa.

"Kanuni inaniruhusu kupunguza maegesho ikithibitika hayahitajiki," akaendelea. "Madaftari haya yangekubaliana, ningesaini leo. Sasa yanapingana, na kila nitakachosaini kitatiliwa shaka. Watu wangu watahesabu wenyewe kwa wiki tatu. Mpaka hapo notisi iko pale pale."

Wiki tatu ndizo zilizokuwa zimebaki kwenye notisi. Kinyozi alikuwa amepata chumba nje ya mji, na mwenye chumba hicho hakutaka kusubiri hata siku mbili.

"Nikikiacha, na hapa mambo yakiharibika, nitalala wapi na mtoto?" akamwambia mama.

Wakahama Jumapili. Njiti alibeba kioo cha baba yake kwa mikono miwili. Shule atakayokwenda ilikuwa nyingine.

"Nilikuambia ni saba," akasema. Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa nayo.

Baada ya wiki tatu afisa alirudi. Watu wake nao walikuta sita, saba, mara moja manane. Akapunguza nafasi zilizotakiwa kutoka nane hadi nne, zote uani. Hakuna ukuta utakaovunjwa. Mwenye nyumba alishusha pumzi ndefu, akasema basi na vyumba vya juu kodi yake itakuwa karibu sawa na ya chini. Kumbe naye ile kanuni ilikuwa imemkaba.

Wapangaji walishangilia. Mama aliniletea ndoo, sabuni na brashi ngumu.

"Namba ni yetu sasa," akasema. "Ifute."

Nilisugua mpaka mikono ikawaka. Mama alikuja na kiti, akakaa karibu yangu.

"Hasira yako ilikuwa ya haki, mwanangu," akasema. "Hata mimi nilikuwa nayo, siku ile ya kitanda. Lakini nikimpima mteja kwa hasira, nikaandika kipimo nitakacho, nguo itaharibika. Kasirika unavyotaka, ila kipimo kiache kama kilivyo. Ukikipotosha, anayeumia si yule aliyekukera."

Nilimalizia mkia wa ile nne, nikabeba ndoo, nikaenda mlango wa tatu, uliokuwa umefungwa kwa kufuli, nikaanza kusugua namba ya kina Njiti.