Sehemu ya Mgeni

Alama ukutani zilikuwa nne, na nyumba hiyo ya mtaa wa Kapsoya ilikuwa na watu watatu.

Nanzala aliziona asubuhi akipita kwenye korido na kikombe cha chai. Jana yake fundi Wabuge alikuwa amewasimamisha mmoja mmoja ukutani, mkono juu, akachora kwa penseli pale vidole vilipofika. Ndivyo alivyopima kabati la nguo la hapo koridoni, kwa miili ya watakaolitumia, ili kila mtu aifikie nguo yake bila kutafuta stuli. Alama ya Maurice, mumewe, ilikuwa juu. Yake katikati. Ya Vivian, binti yao wa miaka sita, chini kabisa. Ya nne ilikuwa juu ya zote, inchi moja tu chini ya dari.

"Fundi, hii ni ya nani?" alimuuliza Wabuge alipofika na mbao zake za saipresi kutoka Kaptagat.

Wabuge aliitazama kwa muda mrefu kuliko alama ya penseli inavyostahili. "Mimi nilipima watatu, Mama Vivian."

"Basi ukuta umejipima wenyewe."

Hakucheka. Alikunjua mezani ule mchoro waliokuwa wamebishana juu yake wiki nzima. Sehemu tatu za kutundika nguo, kila moja na mlango wake. Chini droo za viatu, juu rafu ya mablanketi. Milango ifunguke kwa nje, Nanzala alikuwa ameshaamua, ingawa Wabuge alitaka ya kuteleza, maana korido ilikuwa nyembamba na mlango mmoja ukiachwa wazi ungeiziba yote. Mwisho wa ukuta, karibu na chumba cha kulala, zilibaki futi mbili.

"Hapo ongeza sehemu ya nne," Nanzala akasema.

"Ya nani?"

"Kwani lazima iwe ya mtu?"

Lazima, Wabuge akasema. Kazi alifundishwa Mumias na mzee mmoja Mwislamu, na mzee huyo hakuwahi kukata ubao kabla mwenye nyumba hajamtaja kwa sauti mwenye kila sehemu. Sehemu isiyo na mwenyewe hujitafutia mtu. Na ikishapata mtu, haikubali tena kukaa tupu.

Nanzala alikuwa na digrii mbili, na subira yake kwa mambo ya aina hii ilikuwa imeishia kwenye ya kwanza. "Andika ya mgeni. Mgeni yeyote."

"Mama, taja hata shemeji yako."

"Shemeji zangu wakisikia wana kabati hapa, nitawatoa na nini? Mgeni yeyote, fundi. Kata mbao."

Akakata.

Kabati lilitoka zuri hata majirani wakawa wanakuja kulifungua na kulifunga tu. Harufu ya saipresi ilidumu siku tatu. Kisha kwenye sehemu ya mgeni ikaanza nyingine, ya koti lililovaliwa mvuani na kutundikwa kabla halijakauka, na ndani hamkuwa na koti. Zikafuata henga tupu za kutundikia nguo. Zilisogea moja moja kwenye chuma chao, taratibu, kama za mtu anayechagua nguo ya kanisani. Maurice alisema ni mbao zinakauka. Nanzala alikubali, kwa kuwa ndivyo ambavyo angesema yeye mwenyewe, na akaanza kupita hapo mgongo wake ukiparuza ukuta wa pili.

Alhamisi moja saa tisa alasiri mvua ya mawe ilishuka juu ya mabati, stima ikapotea, na Nanzala, aliyekuwa chumbani akikunja nguo, akageuka na kukuta Vivian hayupo kitandani alikokuwa amelala.

Alikuwa hapo nje tu, miguu mitupu, mbele ya sehemu ya nne. Mlango wake ulikuwa wazi, umeiziba korido kutoka ukuta hadi ukuta, sebule na mlango wa kutokea vikiwa upande wa pili. Nguo zote za mtoto zilikuwa zimetundikwa ndani, juu, juu kabisa, pasipofika mkono wa mtoto wala wa mamake, na nyuma ya nguo hizo, pale ambapo Nanzala alijua pana ubao na nyuma ya ubao pana jiwe, giza lilikuwa linaendelea.

"Vivian. Njoo kwa mama."

"Namsaidia kupanga," mtoto akanong'ona. "Amechoka kuwa mgeni. Anasema tubadilishane. Mimi nikae hapa, yeye akae kwangu."

Mguu wake mmoja ulikuwa umeshaingia. Nanzala akamshika kiunoni akavuta, na kilichomshika kwa ndani kikavuta pia, bila haraka, bila hasira, kama kitu chenye muda wa mchana wote, na Nanzala akausukuma ule mlango kwa bega, ukakataa kusogea, akafikiria madirisha ya chumbani na zile grili nzito alizozichagua mwenyewe, akamwita Maurice akijua yuko kazini, akavuta tena, na kiuno cha mwanawe kikateleza mikononi mwake kidogo, na kidogo tena, mpaka akajisikia akisema lile neno ambalo wiki tatu nyuma lingemchekesha.

"Si ya mtoto. Hii sehemu ni yangu. Mimi, Nanzala."

Vivian akaachiliwa, akaanguka sakafuni.

"Asante, Mama Vivian," kitu kikasema kwa adabu, karibu sana na sikio.

Halafu ikawa saipresi pande zote, mbele, nyuma, mabegani, na ufa mwembamba wa mwanga. Mvua ikanyamaza. Baadaye ufunguo ukazunguka kwenye mlango wa mbele, na Nanzala akaisikia sauti yake mwenyewe ikitokea jikoni.

"Karibu, mume wangu. Pole na mvua."

Katika miaka tisa ya ndoa Nanzala hakuwahi kumwita "mume wangu". Akasubiri Maurice ashtuke.

"Asante," Maurice akasema, na alisikika amefurahi.

Nanzala akaegemeza kiganja kwenye mlango wa kabati, ukasogea. Haukuwa umefungwa. Akakusanya nguvu za kuusukuma wote, na ndipo hatua ndogo zikaja mbio kwenye korido, na pumzi ya mtoto ikajaa ule ufa.

"Mama, usitoke," Vivian akanong'ona. "Amesema ukitoka, naingia mimi."

Nanzala akausikiliza moyo wa mwanawe ukipiga upande wa pili wa ubao. Kisha akaukamata mlango kwa kucha, kwa ndani, akauvuta mpaka ufa ukaisha.